Fundi Aliyesema Niandike Upepo

Tangu Fundi afariki, sijapita kibaraza hata kimoja hapa Kinondoni bila kusikia akisifiwa. Wanasema alikuwa mwanamichezo wa kweli. Kwamba hakugombania ushindi, hakumnunia aliyemshinda, na kwamba hakuna aliyeufurahia mchezo wetu kuliko yeye. Wengi wa wanaosema hivyo hawakuwapo uwanjani. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa katibu wa chama kile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kitabu chake cha kumbukumbu kimo kabatini mwangu, uti wake umeshonwa upya mara mbili. Naomba basi na mimi nisikilizwe, na nianze kwa kukiri jambo ambalo mwenye kupenda sifa angelificha: katika kitabu kile umo mstari mmoja usio wa kweli. Niliuandika mimi, kwa hati yangu, kwa neno lake. Nitaufikia.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, wakati nyuma ya nyumba za Kinondoni bado kulikuwa na mikorosho na nyasi tupu. Jumamosi, ofisi zikishafungwa, tulikutana huko kurusha ndege ndogo zisizo na injini. Mbavu zake zilikuwa za mianzi na mbao nyembamba za masanduku ya chai, na ngozi yake karatasi ya tiara iliyopakwa gundi. Watu wa mtaani waliziita mwewe, kwa kuwa zilielea bila kupiga bawa, na sisi tukalikubali jina. Mtu mmoja alikimbia na ugwe mrefu kuukabili upepo. Mwewe akapanda, ugwe ukachomoka, na tangu hapo mwenye mwewe alimwongoza kwa redio. Ushindi ulikuwa wa aliyekaa angani muda mrefu zaidi na kutua ndani ya duara la chokaa.

Redio hiyo ilikuwa sanduku la ukubwa wa debe, lenye mlingoti wa waya na kitufe kimoja kikubwa juu yake. Ukikibonyeza, mkia wa mwewe uligeuka, ukikiachia, ulinyooka. Bonyezo la kwanza lilikuwa kushoto, la pili kulia, na aliyesahau hesabu alikwenda kushoto akitaka kulia. Masanduku yote yaliundwa na Fundi, aliyekuwa akitengeneza redio katika karakana ya serikali, na yote yalitumia wimbi moja tu, kwa kuwa hakuwa na vifaa vya mawimbi mawili. Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Kitufe cha sanduku lingine kikibonyezwa wakati mwewe wako yuko juu, mkia wake unakwama upande mmoja, naye huzunguka, huzunguka, mpaka ardhini.

Kwa sababu hiyo niliunda kanuni ya kibao. Kilikuwa kipande cha mninga chenye kamba, ambacho kwa chuma cha moto nilikichoma neno RUHUSA. Aliyekivaa shingoni ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuwasha sanduku. Zamu yake ikiisha, alipaswa kufanya mambo matatu kwa utaratibu huu: azime swichi, alaze mlingoti, akabidhi kibao. Adhabu ya kuacha sanduku likiwaka ilikuwa kufungiwa mwaka mzima. Wanachama wote walitia sahihi. Fundi alitia sahihi yake juu ya sahihi yangu, akasema kalamu imeteleza.

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia. Kwanza, kicheko chake. Hakikuwa kicheko cha mtu aliyesikia la kuchekesha, kilikuwa kicheko cha mtu anayengojea. Ulikuwa ukimsomea kanuni, yeye anakutazama macho ameyarembua, mdomo umefumbwa, mabega yanatikisika kidogo, kana kwamba kanuni yenyewe ni kitendawili na yeye peke yake analo jibu. Nimefanya kazi ya ukarani chini ya wakubwa watatu wa Kizungu, mmoja wao mlevi, na hakuna aliyewahi kunifanya nijione mdogo kama kicheko kile kilivyonifanya.

Kibao hicho alikidhihaki tangu siku ya kwanza. Jumamosi moja nilikitafuta kila mahali, washindani wamesimama na miewe yao mikononi, jua linapungua. Nikamwona mbuzi wa jirani anapita kati ya mikorosho, RUHUSA shingoni.

“Ebo! Fundi!” niliita. “Kibao cha chama kiko kwa mbuzi!”

“Basi zamu ni yake, Bwana Karani,” alijibu bila kunyanyuka. “Mwache aruke. Sie tutangoja.”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mbuzi alipoona anakimbiliwa na watu kumi aliingia mashambani, na mpaka tulipompata, upepo ulikuwa umekufa na shindano likaahirishwa. Niliandika kitabuni: *Limeahirishwa kwa utovu wa nidhamu.* Fundi alisoma, akaomba niongeze jina la mbuzi.

Nitasema na ya upande wa pili, kwa kuwa sitaki mtu aseme nimeandika kwa chuki tupu. Mikono yake ilikuwa mikono ya ajabu. Mwewe aliyevunjika bawa Jumamosi alirudi kwa mwenyewe Jumanne, mzima, mshono hauonekani, hata kama mwenyewe ndiye aliyemshinda Fundi juzi. Taa za redio, zile chupa ndogo za ndani ya sanduku, ambazo zilikuwa adimu, alizitoa bure. Lakini mtu huyo huyo hakumwambia binadamu yeyote namna alivyoipika gundi yake, na ukimwuliza alikutajia vitu tofauti kila mara. Mimi alinitajia uji wa muhogo na machozi ya mamba. Alisema hafanyi mazoezi, kwamba mazoezi ni woga. Na jirani zake walikuwa wakimwona kila alfajiri akitoka msikitini na kwenda moja kwa moja uwanjani, mwewe kwapani. Kwenye sala hakuchelewa hata siku moja. Kwenye shindano hakuwahi hata siku moja.

Alikuwa na misemo, na watu wanairudia mpaka leo kama hekima. “Mchezo usio na kicheko ni kazi, na kazi nimeiacha karakana.” “Anayeshinda kila siku atacheza na nani?” Ni maneno matamu. Lakini niulizwe mimi niliyekuwa nikijaribu kutua ndani ya duara, kidole juu ya kitufe, huku nyuma yangu sauti inasema taratibu, “Kushoto, Karani. Ala, si kushoto hiyo. Lile lilikuwa kulia. Mwombee ruhusa ya maandishi huyo mwewe, labda atakusikia.” Yeye aliuita utani. Mimi nilijifunza mchezo ule ukubwani, kwa vidole vilivyozoea taipureta, nikiwa na hamu ya kufanya jambo moja vizuri mbele ya watu. Utani ule uliniangushia miewe wawili.

Na utani wake haukujua mipaka ya hatari. Siku moja alikuja inspekta wa polisi, Mzungu, na askari wawili. Zama zile mikutano ilikuwa ikiangaliwa, na Waafrika wenye masanduku ya redio porini hawakuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa na kibali, kimetiwa muhuri, kimo katika bahasha. Nilikuwa nimekwisha kukitoa. Inspekta akauliza kwa Kiswahili chake, “Nani napelekea habari kwa hii?”

Kabla sijafungua mdomo, Fundi akasema, “Kwa kunguru, Bwana. Lakini barua zetu bado hawajajibu.”

Askari mmoja alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakukohoa. Masanduku yote yalichukuliwa wiki mbili, nami niliandika barua tatu kuyarudisha, nikijua kwamba kila barua inalipeleka jina langu, si lake, mezani pa mtu anayeweza kunifukuza kazi. Yaliporudi, wenzangu walimbeba Fundi juujuu. Barua hawakuziuliza.

Sasa nifike kwa Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa shule huko Temeke, mpole, mwembamba, aliyekuja kwa miguu kila Jumamosi na mwewe wake amefungwa kwenye kanga ya mkewe. Jumamosi moja alimaliza zamu, akamkabidhi Fundi kibao, akaenda kunywa maji, na hakuzima sanduku lake. Mtu akaliegemea bila kujua, kiwiko juu ya kitufe. Mwewe wa Fundi alikuwa juu sana. Akazunguka, akazunguka, akaja akavunjika vipande vitatu.

Niliitisha kikao papo hapo. Mwalimu alisimama mbele ya meza yangu kama mwanafunzi.

“Nimesahau tu, Bwana Katibu.”

“Kusahau ndilo kosa lenyewe,” nilimwambia. “Kanuni haikuandikwa kwa ajili ya wanaokusudia.”

Fundi, mkononi ameshika mkia wa mwewe wake, akasema, “Mwewe ni wangu, na mie sina neno. Bwana Karani, mtu anatoka Temeke kwa miguu! Mwache. Nitaunda mwingine kabla hajafika kwake.”

“Aliyeumizwa hawezi kufuta kosa lililofanywa dhidi ya chama,” nilijibu. Na hadi leo nasema jibu lile lilikuwa sahihi. Kama anayeumizwa ndiye anayesamehe, basi mwenye marafiki wengi ataruhusiwa yote, na asiye nao ataadhibiwa peke yake. Nilimfungia Mwalimu mwaka mmoja. Alikunja kanga ya mkewe vizuri, pembe kwa pembe, akatuaga kila mmoja kwa mkono, akaondoka. Mwaka ulipokwisha hakurudi.

Fundi hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alinitazama tu kwa macho yale ya kurembua, na kwa mara ya kwanza mabega yake hayakutikisika.

Mwezi mmoja baadaye ilikuwa fainali. Mwenye duka wetu, Mwarabu aliyependa kutazama mchezo akiwa amekaa juu ya kreti la soda, alitoa kikombe chenye masikio mawili. Tulikuwa tumebaki wawili, Fundi na mimi. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu, na sijawahi, kabla wala baada, kurusha vile. Mwewe wangu alipata hewa ya joto juu ya mabati ya nyumba mpya, akapanda bila kuombwa. Sikukosea hesabu ya kitufe hata mara moja. Alitua ndani ya duara, pua yake karibu na kigingi cha katikati. Watu walipiga kelele. Walipiga kelele kwa ajili yangu. Mwenye duka alisimama juu ya kreti, akasema, “Karani leo kawa ndege!” Nikavua kibao, nikamvisha Fundi kwa mikono yangu. Sanduku langu nikaliweka mezani, nikashika kitabu nikaandika muda wangu, nikabaki nacho mkononi nikimtazama.

Alirusha vizuri, sitasema uongo. Alikuwa amekaribia muda wangu, na bado yuko juu, watu wameanza kuhesabu kwa sauti. Nikakiweka kitabu nilipopata nafasi, nikasogea uwanjani nione vizuri. Ndipo mwewe akainamisha bawa la kushoto na kuanza kuzunguka. Fundi alibonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akaacha kubonyeza, na wakati watu wote wanatazama juu, nilimwona anageuza kichwa na kutazama mezani. Mwewe aliangukia katika mkorosho. Wenzangu walikimbilia huko. Yeye hakukimbia. Alikwenda mezani polepole, na nilipofika alikuwa amekwisha kukishika kitabu changu. Alikifungua mbele yangu, akanipa kalamu.

“Andika, Bwana Karani,” alisema. “Upepo.”

“Upepo gani?” nilimwuliza.

“Upepo umeniangusha. Kikombe chako hicho. Mabruki.”

Nikaandika: *Zamu ya pili, mwewe ameangushwa na upepo.* Nikapewa kikombe. Nikabebwa.

Nilipokuwa nafungasha vitu vyangu ndipo nilipogusa sanduku. Lilikuwa la moto. Swichi haikuzimwa. Mlingoti ulikuwa bado umesimama. Na juu ya kitufe, kwenye vumbi la mfuniko, palikuwa na alama ya mraba, safi, ya kitu kizito kilicholazwa pale na kisha kuinuliwa. Kilikuwa kitabu cha kumbukumbu. Kwa furaha yangu nilikuwa nimefanya moja tu kati ya yale mambo matatu, halafu nikakiweka kitabu chenye kanuni zetu juu ya kitufe.

Niliazimia kusema siku ya Jumamosi iliyofuata. Lakini Jumamosi iliyofuata ilikuwepo ile nafasi tupu alipokuwa akisimama Mwalimu, na nilijua neno langu la kwanza litakuwa lipi na la pili litakuwa lipi: kwamba nimesahau tu. Sikusema. Na sikujua kama Fundi anajua. Hilo ndilo lililonila. Kila aliponiita “bingwa wetu”, kila alipouliza, “Leo upepo unasemaje, Karani?”, niligeuka kumtazama usoni, na usoni mwake hamkuwa na kitu ila kicheko kile kinachongoja. Miaka ikapita hivyo. Bendera ikabadilishwa, nyumba zikajaa uwanjani, chama kikafa chenyewe. Mimi nilistaafu kwa barua ya sifa. Kikombe kilikaa kabatini, uso wake umegeuzwa ukutani.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake niliandika sahihisho. Lilijaza ukurasa mzima: kosa, mkosaji, adhabu iliyostahili, na ushindi kwa mwenyewe. Mwisho nikaacha nafasi ya sahihi ya shahidi, kwa kuwa kanuni ya kumi na moja inasema sahihisho lisilo na shahidi si sahihisho, na neno la shahidi likishaandikwa halifutwi. Nikachukua kitabu na kikombe, nikaenda Temeke, alikokuwa akiishi kwa binti yake.

Binti alinipokea mlangoni. “Shikamoo, baba. Karibu. Yuko uani, lakini macho hayaoni vizuri.”

Alikuwa kwenye mkeka, amekonda, mikono ile imelala mapajani kama vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

“Nani?” aliuliza.

“Karani.”

“Umekuja na kitabu?”

“Nimekuja nacho.”

“Alhamdulillahi. Nilidhani nitakufa kabla hujafika.”

Nilimsomea ukurasa wote, kwa sauti, nimesimama. Nilipomaliza, mabega yake yalikuwa yakitikisika.

“Ulijua,” nilisema.

“Karani, mie nimeliunda lile sanduku. Mkia ukikwama vile, nisijue? Nikageuka, nikaona mlingoti umesimama wima kama bwana harusi, na kitabu kimekaa juu ya kitufe, kimetulia, kinatunza nidhamu.” Alicheka mpaka akakohoa, binti akaleta maji. “Nilimsimulia Mwalimu. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema nisikwambie.”

“Mwalimu alijua?”

“Mpaka anazikwa.”

“Kwa nini hukusema pale pale? Ulikuwa na haki. Ulikuwa na mashahidi. Kikombe kilikuwa chako!”

Hapo alinyanyua uso kuelekea sauti yangu, na macho yake yaliyofifia hayakurembua.

“Mwalimu ulimhukumu mwaka mmoja,” alisema. “Wewe nikakuacha ujihukumu mwenyewe. Umejipa mingapi?”

Swali lake nalijibu hapa, mbele ya wanaomsifu vibarazani. Huo haukuwa uanamichezo. Mchezo ni jambo linaloonekana na wote, na aliyeshinda hujulikana na wote. Mtu anayeuficha ukweli ili aufurahie peke yake kwa miaka, akamgawia rafiki yake mmoja, amegeuza uwanja wa watu kuwa kibaraza chake. Mimi nilimwadhibu Mwalimu mchana, mezani, kwa kanuni aliyoitilia sahihi. Yeye aliniadhibu kwa kunipa kikombe na kunipigia makofi. Nilikosa, na nimeandika kwamba nilikosa. Lakini hakuna kanuni yoyote niliyowahi kuiunda iliyokuwa katili kama msamaha wa mtu yule.

“Tia sahihi,” nilimwambia.

“Kwani lazima? Mwewe mwenyewe alianguka vizuri. Uliona alivyozunguka? Sijawahi kuunda kitu kikaanguka kwa uzuri vile.”

“Tia sahihi, Fundi. Nakuomba.”

Nadhani ni lile neno la mwisho lililomfanya anyooshe mkono. Nilimwekea kitabu mapajani, nikakiongoza kidole chake hadi penye nafasi ya shahidi, nikampa kalamu. Aliandika polepole, ulimi nje, kama alivyokuwa akiunganisha nyaya. Kikombe hakukigusa, alisema binti yake ana vikombe vya kutosha, na hivyo vyao vina sikio moja, vinatosha chai.

Sikutazama alichoandika mpaka nilipofika barabarani. Hakukuwa na sahihi. Palikuwa na neno moja, limepinda, herufi zimepandana: *Upepo.*

Neno hilo limo kitabuni, chini ya ukurasa wangu mzima wa ukweli, katika nafasi ya shahidi. Nimejaribu mara nyingi kulichukulia hatua. Kanuni ya kumi na moja, niliyoiandika mwenyewe, hainiruhusu kulifuta.